Mkuyu wa Papa Mwansa na Udongo wa Kichuguu

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mwanangu, nilipokaa chini mbele ya beseni la bati lililopakwa emaye na kuhesabu majani ya mti usiozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Yalikuwa yamebaki manne. Mti wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa umeishi miaka arobaini mikononi mwa mzee mmoja, na mimi nilikuwa nimeumaliza kwa majuma tisa tu, tena kwa upendo. Nakuambia mapema ili usije ukafikiri bibi yako alizaliwa na akili hizi zote anazokusumbua nazo kila Jumapili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambayo milango yake ilikuwa imefungwa tangu pasaka, na tuliishi hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula. Nyakati zile umezisikia kwa wakubwa: viwanda vilizimika kimoja kimoja, maduka yaliporwa hadi milango, wazungu waliondoka na sanduku moja moja. Baba yangu, fundi wa kiwandani, aliamka alfajiri kila siku, akavaa ovaroli yake na kukaa nayo sebuleni hadi saa sita. Hakuna aliyethubutu kumwuliza anakwenda wapi. Sisi wengine tulilima. Kila kipande cha ardhi kilipandwa mahindi na mboga ya lengalenga, na mwenye kichuguu uwanjani alionekana tajiri, maana udongo wa mchwa huotesha chochote unachotupa ndani yake. Tuliuchimba, tukaubeba kwa ndoo, tukagawana na majirani. Udongo ule ulitulisha, na hata leo sitausema vibaya.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa Papa Mwansa, mjane mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Tangu ujana wake alikuwa ametunza bustani ya nyumba moja ya wakubwa wa kiwanda. Mke wa injinia mmoja, mgeni aliyetoka mbali, ndiye aliyemfundisha kazi ya bonsai: kuuchukua mti ambao ungeweza kuizidi nyumba, kuupanda katika chombo cha kina kifupi, kuupogoa matawi na mizizi mwaka baada ya mwaka, mpaka uwe mzee kweli kweli na bado ukae mezani. Yule mama aliondoka, wakaja wageni wengine, nao wakaondoka, miti ikabaki na Papa Mwansa. Ilifika thelathini. Siku za uporaji watu waliingia katika bustani ile kutafuta vyombo, wakaimwaga miti chini ili wapate mabakuli. Mzee alifika jioni akakuta mmoja tu ambao mizizi yake ilikuwa bado mibichi, mkuyu, akaufunga ndani ya shati lake na kuuleta Kikula kwa miguu. Beseni la emaye alilitoboa mwenyewe kwa msumari ili maji yapate njia ya kutokea.

Mkuyu tunaujua sote. Ni mti wa kufunika ukoo mzima kwa kivuli chake. Huu ulikuwa na shina nene lililojipinda, matawi yaliyotandaa, ngozi yenye mikunjo ya uzee, kila kitu cha mkuyu mkubwa, na ungeweza kuunyanyua kwa mikono miwili. Niliupenda siku ile ile nilipouona. Nilikwenda kuutazama kila asubuhi hadi mzee akachoka kunifukuza, akanipa kopo la kumwagilia.

Wengine waliutazama kwa jicho jingine. Ng'ambo ya njia aliishi Mama Béa, muuza samaki wakavu, mwanamke wa maombi ya nguvu ambaye sauti yake ilifika nyumba ya tano. Siku moja alisimama kwenye uzio wetu akaniambia:

"Godé, ile muti iko na miaka arobaini na haikomale? Iko kitu banafunga mule. Kazi ya ku kiwanda inasimama, batoto habakomale, na ile muzee anaimwangia maji kila siku. Weye unaendaka kule kutafuta nini?"

Alimaanisha uchawi, mti uliofungwa ili na sisi tusikue. Nilicheka mbele yake. Nilipoingia ndani sikucheka tena. Watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu, mwanangu, na wazee walikuwa wamefukuzwa nyumbani mwao kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilimwogopea Papa Mwansa. Na nikiwa mkweli, nilijiogopea na mimi, kwa sababu mkono wangu pia ulikuwa unaushika mti ule.

Novemba habari ikaja kutoka Kakanda kwamba binti yake amejifungua mapacha na hali yake si nzuri. Papa Mwansa akapata nafasi juu ya lori. Kabla ya kuondoka aliniita.

"Godé, nakuachia huyu. Maji asubuhi, kama mvua hainyeshe. Kama inanyesha, unaacha. Hapana kukata, hapana kuongeza kitu. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Hapana kitu, Godé."

Alirudia kwa sababu alinijua. Alikusudia kukaa majuma mawili. Barabara ikakatwa na mvua, binti akachelewa kupona, na yale mawili yakawa tisa.

Juma la kwanza nilitii. Juma la pili nikaanza kuutazama udongo wa lile beseni. Haukuwa udongo. Vilikuwa vipande vya tofali lililopondwa, vikavu, vya ukubwa wa punje za mahindi, na makaa kidogo. Maji niliyomimina yalipita moja kwa moja na kutokea chini. Nikasema moyoni, kumbe. Miaka arobaini mti huu unakula mawe. Nyumbani nilikuwa nawaona wadogo zangu wanavyokonda mikono, na nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuweza kuona kitu kidogo bila kukiona kina njaa. Hapo hapo mpango mzuri sana ukanijia: nitaulisha vizuri, utarefuka shibiri moja au mbili, Mama Béa ataona unakua kama miti yote, maneno yatakwisha, na mzee atarudi akute mtaa umetulia. Mpango wenye faida pande zote. Vijana mna mipango kama hiyo, nami nikiusikia mmoja kutoka kinywani mwako najishika kichwa.

Nikachimba udongo wa kichuguu, ule wa ndani, laini kabisa. Nikauchekecha kwa chekecheo la unga la mama yangu, nikachanganya na mavi ya kuku. Nikauchomoa mkuyu, nikakung'uta vipande vyote vya tofali, nikaosha mizizi, nikaupanda na kushindilia kwa ngumi mpaka ukasimama imara. Nilifanya kazi hiyo huku naimba. Baada ya siku kumi zikatokea chipukizi mbili, na nikamwita Mama Béa makusudi aje aone.

Kisha mvua za Desemba zikaanza, zile zisizojua kupumzika. Maji yalisimama juu ya beseni, hayakushuka. Niliyamwaga kwa kuliinamisha, yakajaa tena. Majani yakawa ya manjano, kwanza yale ya ndani, kisha yote, yakaanza kuanguka. Jua lilipotoka siku mbili tatu, udongo ulipasuka juu, nami nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku moja niliparua kidogo kwa kijiko ili nione mizizi, harufu ya uozo ikanipanda puani. Nikafukia haraka, kama mtu aliyefunua sufuria isiyo yake.

Mama Béa naye aliona. "Sasa inakufa," akasema, bila ubaya, kwa furaha ya mtu aliyejibiwa. "Mungu anasikia maombi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Mti ukifa, itasemwa kwamba maombi yameangusha uchawi, na mwenye uchawi anajulikana kwa jina. Tayari watu wawili walikuwa wamesema kwamba Papa Mwansa akirudi asirudi katika nyumba ile. Nilitaka kumlinda, nikawa nimewapa watu ushahidi.

Basi asubuhi ile ya majani manne mzee alifika kwa miguu, mfuko begani. Aliuona mti kabla ya kuniona mimi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliweka mfuko chini, akaingiza kidole katika udongo, kidole hakikuingia.

"Udongo ya wapi?"

"Ya kichuguu, Papa. Nilisema iko na njala."

Alikaa chini kando yangu. "Nyumba yenu balijenga na nini?"

"Na matofali."

"Na matofali, banafanya na udongo gani?"

"Ya kichuguu."

"Banafanya namna gani?"

"Banaweka maji, banapiga na mikono, banaacha inakauka."

"Njo vile ulifanya," akasema, na ndivyo nilivyofanya. "Ulipiga tofali, na muntu mu katikati."

Nililia, mwanangu. Nililia vibaya, kamasi na yote. Nikamweleza kila kitu, njaa, Mama Béa, zile shibiri mbili nilizotaka mti urefuke. Mzee alingoja mpaka nikamaliza.

"Muti ilikuuliza kitu? Hapana. Njo bantu balikuuliza. Na weye ukapatia muti jibu ya bantu." Akanyanyuka, akakung'uta suruali. "Bon. Leta maji na kisu."

Tulilivunja lile bonge kwa vidole ndani ya maji. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inachunika kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Alikata, akakata, mpaka alipofika penye weupe. Ilibaki michache sana, ningeweza kuihesabu. Kisha akasogeza kisu kwenye yale majani manne, nami nikamshika mkono, maana ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki.

"Papa, njo yenye inabakia."

"Mizizi haiko tena ya kuyalisha. Muntu mugonjwa, unamubakishia kazi?"

Akayakata yote. Mahali alipokata jani la mwisho likatoka tone jeupe la utomvu. Alilitazama, akanionyesha, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba iko na maziwa, haijakufa.

Sasa alihitaji tofali la kuponda, na la kwake nilikuwa nimelitupa kwenye shimo la taka. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na lundo la matofali ya kuchoma ambayo baba aliyaweka ili amalizie jiko. Nilikwenda kumwomba. Alitoka sebuleni na ovaroli yake, akaja hadi kwenye beseni, akautazama ule mti mtupu, akaniuliza vipande viwe na ukubwa gani. Kama punje ya mahindi, nikamwambia. Akachukua nyundo. Alikaa pale hadi saa tisa, anaponda, anachekecha, anarudisha vikubwa chini ya nyundo na kutupa vumbi, kwa umakini ule ule aliokuwa nao kiwandani. Mama alimletea bukari, ugali wetu, hapo hapo chini. Sikumwona baba akila vile tangu kazi isimame.

"Udongo ni ile ile," Papa Mwansa akaniambia huku anajaza beseni. "Paka hii inapita mu moto."

Tofauti ni moto tu: tofali lililochomwa haliyeyuki. Likipondwa, maji hupita kati ya vipande, hewa hubaki, mzizi unapumua. Mimi niliyewafundisha watoto sayansi kwa chaki na mchoro wa mmea ubaoni, jambo hilo sikulijua.

Aliuweka chini ya upenu, pasipofika jua la mchana, akanipa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Kila asubuhi nije, nitazame, nisifanye kitu. Maji ni pale tu juu pakikauka. Nilikuja. Nilitazama fimbo iliyokatwa kila upande, imesimama katika kokoto nyekundu. Nikarudi nyumbani. Kesho yake tena.

Juma la tatu walikuja watu sita, Mama Béa mbele. Walimsalimu mzee kwa adabu zote, kisha wakamwambia wanataka alitupe lile beseni mtoni mbele ya macho yao. Papa Mwansa aliwasikiliza amesimama mlangoni.

"Mungoje mwisho wa mvua," akawajibu. "Kama inakufa, nitaitupa minye mwenyewe. Na minye nitatoka Kikula."

Wakakubali. Alikuwa ameweka nyumba yake juu ya mti nilioumaliza mimi. Usiku ule na nyingine nyingi nilisali rozari kwa ajili ya fimbo, na sioni aibu kusema hivyo.

Juma la nne, hakuna kitu. La tano, hakuna. Baba alikuwa sasa anakuja nami kila asubuhi, anainama, anatazama, anasema "bado" kama daktari. Juma la saba, Jumanne, nikaona juu ya shina, mahali ambapo hapajawahi kuwa na tawi, kitu chekundu chenye ukubwa wa ncha ya kalamu. Nikafumba macho nikafumbua. Vilikuwa vitatu. Nikakimbia peku nikaupiga mlango wa mzee kwa viganja vyote viwili, na yeye kutoka ndani akaniambia nimwache kwanza avae shati.

Baada ya hapo hakuna aliyeuzuia. Chipukizi zilitoka kila mahali alipopitisha kisu, zikafunguka, majani madogo yanayong'aa, mazito kuliko yale ya zamani. Wapita njia walianza kusimama. Na mvua za mwisho zilipokuwa zinaaga, asubuhi moja mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shinani, karibu na kovu la zamani, vilining'inia vitu vya kijani, vya mviringo, saba. Zilikuwa kuyu. Mti wa miaka arobaini ambao haukuwahi kuzaa hata mara moja ulikuwa umezaa. Papa Mwansa alivua kofia.

"Hii," akasema, "minye siyaona."

Jumapili ile, baada ya misa na baada ya ibada, uwanja wa mzee ulijaa watu mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta. Baba yangu alisimama karibu na beseni amevaa suti, anawaeleza wote jinsi ya kuponda tofali. Nilijaa furaha hadi nikashindwa kusimama mahali pamoja. Mama Béa alifika mwisho. Watu wakampisha. Aliinama, akazitazama kuyu moja moja, akagusa moja kwa ncha ya kidole.

"Kitu ya kufunga haizalake," akasema hatimaye, kama anayejisemea. Kisha akainuka, na kwa ile sauti yake ya kufika nyumba ya tano akasema, "Muzee, unisamehe. Nilikosa mbele ya bantu, naomba mbele ya bantu."

Ilihitaji moyo, na tangu siku ile nimemheshimu. Papa Mwansa aliniagiza kiti, akamketisha. Walizungumza habari za mapacha wa Kakanda. Baadaye Mama Béa akauliza, bila kumtazama, kama inawezekana mtu mwingine naye kuwa na mti kama huo. Mzee akakata kitawi chenye unene wa kidole, akakichomeka katika kopo la tofali lililopondwa, akampa mikononi.

"Godé atakufundisha," akasema.

Mama Béa akanitazama, akamtazama mzee. "Huyu? Si njo huyu alitaka kuiua?"

"Njo yeye," Papa Mwansa akajibu. "Anajua namna inakufaka."

Mwanangu, nimepewa diploma, nimepewa cheo cha mkuu wa shule, nimevishwa kitenge siku ya kustaafu. Hakuna lililonijaza kifua kama maneno yale, yaliyosemwa mbele ya mtaa mzima na mtu ambaye nilikuwa karibu kumkosesha makao. Kile kitawi cha Mama Béa kiliota. Mwaka uliofuata vilikuwa kumi na viwili Kikula peke yake, katika makopo, masufuria yaliyotoboka na taa za magari yaliyokufa, na harusi nyingi za mtaa zilipambwa kwavyo madhabahuni. Papa Mwansa aliishi katika nyumba yake mpaka mwisho, akafa kitandani mwake, mzee wa watu.

Sasa nikuambie nilichokusudia kukuambia. Utakabidhiwa kitu kilicho hai. Itakuwa mtoto, darasa, mgonjwa, au kazi aliyoianza mwingine kabla hujazaliwa. Kabla ya kukipa chochote, kaa nacho uone kinaishi namna gani. Usikipe kile kilichokushibisha wewe kwa sababu tu kilikushibisha, maana unaweza kukizika ndani ya wema wako. Watu watapita na kusema ni kidogo, kimechelewa, kimefungwa. Wajibu watu, uwajibu vizuri, ila usiende nyumbani kumtesa mtoto kwa sababu ya jibu uliloshindwa kumpa jirani. Na utakosea, hata ukinisikiliza. Ukikosea, usifukie. Mimi nilifukia ile harufu majuma mawili, na hayo mawili ndiyo ninayoyajutia hadi leo. Mwite mwenye mti, mwambie yote, kisha ukalete maji na kisu. Yule aliyeharibu kitu, akabaki pale akakitengeneza asubuhi baada ya asubuhi, ndiye nitakayemwachia cha kwangu.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na ulimi wa kukiri mapema. Akuoneshe tone jeupe siku utakapodhani kila kitu kimekwisha. Akupe jirani atakayekuomba radhi kwa sauti kubwa, na baba wa kukupondea tofali bila kukuuliza sababu. Unachokilea kizae mbele ya macho yako ungali hai, na siku watu wakijaa uwanjani kukitazama, uwe umesimama wima katikati yao. Amina.